Wakuu, kadi ya grafiki ya laptopu inabadilishika kweli? Fundi anataka 380,000

mchora_nyumba:
Habari za muda huu wakuu, naombeni msaada kabla sijatoa hela. Niko mwaka wa tatu, nasoma usanifu majengo pale Chuo Kikuu Ardhi, mashine yangu ni HP EliteBook 840 G3, hizi zilizotumika zinazokuja na makontena, prosesa i5-6200U, RAM 8, SSD 256. Kwa plani na michoro ya kawaida inakwenda vizuri tu, nachora mpaka usiku wa manane sioni shida, shida inaanza pale natakiwa kutoa picha za 3D. Lumion, ile programu ya kutoa hizo picha, ndo haifunguki kabisa, inaleta maandishi kwamba kadi ya grafiki haitoshi alafu inajifunga. Nikahamia Blender, programu nyingine ya 3D, nikaweka nyumba yangu ya ghorofa moja na miti sita, picha moja tu nimeianzisha saa nne usiku, naamka alfajiri bado haijaisha, feni inaunguruma chumba kizima, mwenzangu hajalala na mimi sijalala.

Sasa jana nikaipeleka kwa fundi mmoja mjini, kaifungua, kaangalia angalia, kasema inawezekana, atatoa grafiki iliyopo aniwekee ya Nvidia ya 4GB, 380,000, niache mashine siku tatu na nusu ya hela nitangulize. Nikamuuliza hiyo kadi ipoje naomba niione, akasema anaagiza. Mashine nimeiacha kwake ila hela sijatoa. Hela ninayo, ni bumu, na ndo ya kula muhula mzima, kwa hiyo roho inasita.

Alafu kingine, siku nanunua muuzaji aliniambia ina grafiki 4GB na akanionyesha kabisa kwenye skrini imeandikwa. Sasa kama ina 4GB tayari mbona Lumion inaikataa? Kazi za studio tunakabidhi baada ya wiki tano. Mnaojua naombeni mniambie ukweli, inawezekana na inalipa?

fundi_wa_bodi:
Mdogo wangu usitoe hata mia, kaichukue mashine yako leo.

Nakueleza kwa nini, maana hii kazi nimeifanya zaidi ya miaka kumi na 840 G3 nimezifungua nyingi sana. Hiyo grafiki anayosema ataitoa sio kadi. Ni Intel HD 520, imo ndani ya prosesa humohumo, chipu moja. Huwezi kuitoa bila kutoa prosesa, na prosesa yenyewe haijachomekwa, imechomelewa kwenye mazabodi kwa vidonge vya risasi 1,356, ukivitazama kwa lenzi ni kama punje za ulezi zimepangwa mistari. Nvidia akiileta ataiweka wapi? Chipu ya grafiki kwenye laptopu inataka chipu zake za kumbukumbu kuizunguka, inataka njia zake za umeme, inataka bomba la shaba la kuipoza, na vyote hivyo vinawekwa kiwandani bodi inapotengenezwa. Kwenye bodi yako hiyo sehemu haipo. Simsemi mwenzangu vibaya, pengine ana maana ya kubadilisha bodi nzima, lakini angekwambia hivyo na angekuonyesha hiyo bodi kabla ya kugusa hela yako.

Na hata zile laptopu zenye Nvidia au AMD, nyingi ni hivyohivyo, chipu imechomelewa. Inayotoka na kurudi ni chache mno.

Hiyo 4GB uliyoonyeshwa ndo imewaponza wengi sana na inaniuma kila nikiisikia. Fanya hivi mashine ikirudi, nenda kwenye mipangilio ya skrini, Advanced display, alafu Display adapter properties. Utakuta mistari minne. Wa kwanza umeandikwa Total Available Graphics Memory, hapo utaona elfu nne na kitu, ndo huo muuzaji anaonyesha watu. Shuka mstari wa pili, Dedicated Video Memory, kwako utasoma 128 MB. Hiyo ndo ya grafiki yenyewe, zingine zote ni RAM yako ya kawaida, Windows inairuhusu grafiki kukopa mpaka nusu ya RAM. Una 8, nusu yake 4. Ukiweka RAM 16 mstari wa kwanza utasema 8 na mashine itakuwa ileile. Lumion inatafuta kadi yenye kumbukumbu yake, haidanganyiki na mkopo.

mpwani_wa_likoni:
Ndugu yangu hapo juu amesema kweli kuhusu kubadilisha chipu, lakini si kweli kwamba njia hakuna kabisa, mimi natumia laptopu yenye kadi ya nje hapa Mombasa mwaka wa pili sasa.

Yangu ni ThinkPad T480, ina tundu la Thunderbolt 3, lile la kasi kubwa, utalijua kwa kaalama ka radi ubavuni. Unanunua kisanduku, ndani yake mna sloti kama ya kompyuta ya mezani na powa saplai, unachomeka kadi ya desktopu, mimi nimeweka GTX 1060 ya 6GB, kisha waya mmoja unaingia kwenye laptopu. Ukiwasha, Windows inaiona kama kadi ya kawaida. Kurenda Blender, yaani mashine kuipiga hesabu picha ya mwisho, kunapendeza kwelikweli, kwa sababu kazi inapelekwa kwenye kadi mara moja kisha kadi inahangaika nayo yenyewe, huo waya hauisumbui. Kwenye gemu ndiko utaona tofauti, mle data inakwenda na kurudi kila saa na waya ni mwembamba kuliko sloti ya kweli, 40 Gbps ndiyo kwenye karatasi lakini kadi haizipati zote, na ukitumia skrini ya laptopu yenyewe unapoteza zaidi kwa sababu picha inarudi kwa waya uleule. Mimi nimeiwekea skrini ya nje, imechomekwa kwenye kadi moja kwa moja.

Ubaya wake nautaja pia. Kisanduku peke yake, kabla ya kadi, kilinigharimu zaidi ya nilivyonunua laptopu yenyewe, na hicho kilikuwa kimeshatumika, jamaa alikuja nacho kutoka Muscat. Si kitu cha kubeba begani kwenda darasani. Na umeme ukikatika laptopu inabaki hai kwa betri lakini kadi inazima, programu inaganda na kazi ambayo hujaihifadhi inakwenda.

Sasa wewe 840 G3 yako ina tundu la USB-C lakini si Thunderbolt, umbo ni moja, ndani ni vitu viwili tofauti, kwa hiyo kisanduku changu kwako hakifanyi kazi. Kuna adapta za kuchomeka kwenye sloti ya M.2 pale inapokaa SSD. Nimeona watu wamefanya, SSD inahamia kwenye nafasi ya diski ya kawaida, mfuniko wa chini unabaki wazi na utepe wa waya unatoka nje. Ni kazi ya mtu mwenye nafasi ya kujaribu na kukosea, si mwanafunzi mwenye wiki tano.

fundi_wa_bodi:
Mpwani umenena. Niongeze hapo tu, hata akifanikiwa na hiyo M.2, i5-6200U ina kori mbili na ni ya wati 15, imetengenezwa kutunza betri. Kadi itakuwa inakaa kusubiri prosesa ipange kazi. Na kizazi cha sita cha prosesa za Intel, ndo hicho chako, hakipo kwenye orodha ya Windows 11, Windows 10 nayo msaada wake wa kawaida uliisha Oktoba 2025, kwa hiyo mashine hii ni ya kutumia vizuri mpaka ichoke, sio ya kumwagia hela nyingi.

babu_precision:
Nami nichangie kwa sababu mimi ni mmoja wa wale wachache waliowahi kubadilisha kweli kadi ya laptopu, kwa mikono yangu, na ilifanya kazi.

Zipo laptopu ambazo kadi imekaa kwenye ubao wake mdogo unaochomoka, unaitwa MXM, Nvidia walikuja nao 2004 wakiwa na watengenezaji wengine, wazo likiwa ndo hilohilo unaloliota wewe, kadi ya laptopu inunuliwe na ibadilishwe kama ya desktopu. Utaikuta kwenye mashine nene za kazi nzito, Dell Precision za inchi 17 za zamani, HP ZBook 17, na baadhi ya Alienware za miaka ile. Mimi nina Precision M6800 ya 2013, ilikuja na kadi ya Nvidia Quadro K3100M ya 4GB, nikapata K5100M ya 8GB iliyotolewa kwenye mashine iliyokufa skrini. Nilitoa mfuniko, nikafungua skrubu za bomba la shaba, nikalinyanyua taratibu maana pesti ya kupitisha joto ilikuwa imekauka imeshika kama gundi, kadi ikaachia kwa pembeni inanyanyuka kidogo kama kijiti cha RAM kinavyofanya, nikaivuta. Ile mpya ikakaa palepale. Nakumbuka nilivyobonyeza kitufe cha kuwasha nilishika kichwa, skrini ikakaa nyeusi sekunde kadhaa ndefu sana, alafu alama ya Dell ikatokea.

Lakini sikiliza nilichohitaji ili hiyo ikae. Kadi iwe ya saizi ileile maana MXM zina A ndogo na B kubwa. Bomba la kupoza likutane na chipu sawasawa, kadi nyingine chipu imesogea milimita chache tu na bomba haligusi. BIOS, ile programu inayoiwasha mashine, iikubali, kuna mashine inakataa kadi isiyoijua na haiwaki kabisa. Chaja iwe na nguvu, K3100M inakula wati 75 na K5100M wati 100, mimi nilikuwa na chaja ya 240 kwa hiyo nikapona. Na bado hata baada ya hayo yote kadi zenyewe ni za kizazi cha Kepler, Nvidia walishaacha kuzitolea draiva mpya, kila programu ikitoka toleo jipya naangalia kwanza kama bado inanikubali. Kadi mpya za MXM kuzipata ni shughuli, na Dell wenyewe kwenye Precision za baadaye walihamia kwenye umbo lao wenyewe ambalo halifanani na la mtu mwingine.

Nakubali roho yangu iko na wazo hili mpaka leo. Kuna Framework Laptop 16, ilianza kuwafikia wanunuzi mwanzoni mwa 2024, nyuma yake kuna sehemu nzima ya grafiki inachomoka kwa skrubu, walianza na Radeon RX 7700S, na 2025 wakatangaza moduli ya RTX 5070 inayoingia kwenye mashine zilezile za mwanzo. Nilivyosoma habari ile nilifurahi kama ni yangu. Ila bei yake sio ya mwanafunzi anayekula bumu, na wewe mashine yako haina MXM, kwa hiyo hapa nakuunga na fundi, chukua mashine yako.

dada_wa_michoro:
Mdogo wangu pole, mimi nimepita palepale ulipo, sasa niko ofisi moja ya wasanifu Dodoma na nilimaliza chuo na laptopu isiyo na kadi. Tuache kadi kwanza tuangalie hiyo picha ya usiku kucha, maana hapo ndipo wiki zako tano zinapoliwa.

Unarenda kwa Cycles, ile injini ya kurenda ya Blender, si ndiyo? Cycles haiwezi kutumia hiyo HD 520, inabebesha prosesa kila kitu. Sasa nenda kwenye mipangilio ya kurenda uangalie Max Samples, naweka dau hujagusa, itakuwa 4096, ndivyo Blender inavyokuja. Maana yake kila nukta ya picha mashine inaweza kurudi kuipiga hesabu mpaka mara elfu nne. Weka 150, alafu washa Denoise, inayosafisha vijidoa, chagua OpenImageDenoise, inafanya kazi kwa prosesa tu haihitaji kadi. Picha ya nyumba mchana wenye jua hutaona tofauti ya maana, ya ndani yenye taa nyingi panda mpaka 300.

Miti yako hiyo sita, uliikopi kwa Shift D? Futa, bakisha mmoja, kopi kwa Alt D. Ukitumia Shift D kila mti unabebwa upya kwenye RAM na majani yake yote, kwa Alt D ni mti mmoja unaoonekana sehemu sita. Kwa RAM 8 hii peke yake inaweza kukuokoa. Na zile picha za kuonyesha mwalimu katikati ya wiki tumia Eevee, injini nyingine ya Blender iliyo ya haraka, sio lazima kila picha iwe ya mwisho.

Alafu fungua mashine, au fundi akufungulie, uone una vijiti vingapi vya RAM. 840 G3 ina sloti mbili. Kama ni kijiti kimoja cha 8, ongeza cha pili cha 8, DDR4 ya laptopu. Hapa sio ukubwa tu, vijiti viwili vinafungua njia mbili, kwa DDR4 2133 unatoka kama GB 17 kwa sekunde kwenda 34, na kwa kuwa grafiki yako inakopa hiyohiyo RAM, kuzungusha modeli kwenye skrini utahisi imekuwa nyepesi. Hapohapo wakupulizie vumbi kwenye feni na kubadilisha pesti. Mashine iliyotumika miaka yote hiyo pesti imekuwa unga, prosesa ikipata joto inajipunguza kasi yenyewe na wewe unadhani imezeeka.

Ukitaka kadi ya kweli, kwa hela yenye akili, usitafute kuiingiza kwenye laptopu. Tafuta desktopu iliyotumika, OptiPlex au EliteDesk ya boksi refu, uweke kadi isiyohitaji waya wa ziada wa umeme, T600 ni wati 40, T1000 wati 50, GTX 1650 wati 75 (zipo zinazokuja na tundu la waya, hizo ziache). Boksi likiwa lile jembamba linataka kadi fupi, beba rula kabisa. Lumion angalia toleo unalotumia linadai nini kabla hujanunua, matoleo mapya yana njaa kubwa. Mimi nilifanya hivyo mwaka wa mwisho, desktopu inarenda chumbani, laptopu niko nayo studio nachora, hakuna aliyemsubiri mwenzake. Na ukibanwa kabisa kuna SheepIt, watu wanachangiana mashine zao kurenda kazi za Blender bure, unapandisha faili lako wanarenda wengine, wewe unahitaji bando tu na subira ya foleni.

mchora_nyumba:
Wakuu sijui niseme nini. Nimerudi.

Mashine nimeichukua juzi jioni, fundi hakukasirika, nilimwomba anioneshe sehemu hiyo kadi itakapokaa, akakaa kimya alafu akasema kweli kwa hii itabidi bodi nyingine. Nimeangalia ile mistari minne, Dedicated Video Memory 128 MB kama ulivyosema kaka fundi, niliiangalia muda mrefu.

Dada, ni 4096. Sikuwahi kushuka mpaka pale chini. Nimeweka 150 na Denoise, miti nimekopi upya kwa Alt D, nyumba ileile imetoka dakika 47. Nimeirudia mara mbili sikuamini. Kuna vijidoa kwenye kivuli cha baraza lakini mwalimu hawezi kuviona mpaka avute.

Nilifungua mfuniko mwenyewe, kijiti ni kimoja, sloti ya pili wazi ina vumbi. Swali la mwisho, kuna jamaa bwenini anauza ZBook yenye Quadro M2000M, anasema 4GB, na hii ni kweli au ni mkopo tena? Na nikiitaka niiangalie vipi?

fundi_wa_bodi:
M2000M ni chipu ya kweli, ina 4GB zake. Lakini usichukue maneno, mwambie aiwashe mbele yako, weka GPU-Z, programu ya kusoma taarifa za kadi, kwenye flashi, ifungue, usome jina na kumbukumbu, alafu washa Blender na hiyo nyumba yako, chagua kurenda kwa kadi, iache ifanye kazi nusu saa bila kuigusa. Angalia skrini, ukiona mistari au vidoti vya rangi vinatokea ikipata moto, au inajizima, ondoka. Kuna mashine chipu zake zilishakufa zikapigwa hewa ya moto zikafufuka, zinaishi wiki chache alafu zinarudi palepale, na ukiigusa kwa dakika tano dukani huwezi kujua. Nimeletewa za namna hiyo nyingi na kila mara mwenye mashine ameshatoa hela yote. Muulize pia chaja yake ya asili iko wapi, ya wati ndogo itaiwasha lakini kadi haitapata shibe.

Kijiti cha RAM nunua SODIMM DDR4, 2133 au 2400 yoyote, ya 2400 itajishusha yenyewe. Kabla ya kukichomeka chomoa waya wa betri ndani, kwenye G3 betri iko chini ya mfuniko huohuo. Kisukume kwa pembe mpaka kikae, alafu kilaze mpaka vishikizo viwili vilie.

mchora_nyumba:
Vimelia. Inasoma 16. Nyumba naizungusha haikwami tena kama mwanzo. ZBook kesho saa kumi naenda kuiangalia nikiwa na flashi, na hela nimeiacha kwa dada yangu mpaka nimalize hiyo nusu saa.